Mgongo wa Picha

Dukani, Ijumaa asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni ya salamu na ya pili ni ya kukuomba uvumilivu: barua ni ndefu, na mwandishi wake unamjua. Hukuniita Cherehani bure, mashine isiyonyamaza. Hujambo? Mama naye hajambo? Miguu yake imepungua kuvimba, au bado anabishana na dawa? Na huyo mgeni wetu, mpwa wangu ambaye sijamtia machoni, ananyonya vizuri? Nasikia amekuja na sauti ya babake. Wapeni pole majirani. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala kidogo, kazi ipo. Ya moyo tutayafikia.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mkunga wako aliyekuja mjini kutafuta dawa, na nakujibu kwa mkono huo huo. Siku hizi bahasha za posta hufika zimekwisha kufunguliwa na kubandikwa upya, tena kwa uvivu, hata gundi hawaifuti.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, mambo yalikwendaje hapa tangu uondoke, kwa sababu redio inatangaza ushindi kutwa nzima na wewe huelewi tena nani amemshinda nani. Pili, kwa nini mumeo hajakuandikia. Dada, shemeji yuko hai. Nimemwona kwa macho yangu. Lakini hayuko nyumbani. Wamemkamata, na kesi yake ni kesho. Nimeona nikwambie mapema usije ukasoma kurasa zote hizi roho mkononi. Sasa mpe mama mtoto, ukae chini, unisikilize tangu mwanzo. Nikianzia mwishoni hutanielewa, na safari hii ni lazima unielewe.

Ulipoondoka na tumbo lako, foleni ya mkate ilikuwa imefika kwa fundi viatu. Baadaye ikapinda kona. Kasri lilitoa amri kwamba unga uende kwanza kambini kwa askari, kisha kasrini, na kinachobaki ndicho chetu. Nawe ni mke wa mwoka mikate, unajua kinachobaki chini ya gunia ni nini. Siku karani wa kasri alipokuja kuchukua mikate yake ya asubuhi, shemeji alimwambia kuwa leo tanuri linaumwa. Karani akauliza linaumwa nini. Shemeji akamjibu linaumwa njaa, kama watu. Kisha akachukua ndoo akaumwagia moto maji mbele yake. Ndiyo, mumeo huyo huyo, anayepanda juu ya kiti akiona mende.

Kufika jioni hakuna tanuri lililokuwa likitoa moshi mji mzima. Waokaji wakaenda kasrini kwa miguu, wamevaa aproni zao, mikono mitupu, shemeji mbele, ile mikono yake yenye makovu ya moto ameinyoosha juu. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, usidhani nimegeuka shujaa. Siku ya kwanza askari walipiga risasi, na yule mwosha magari wa kituoni akafa. Kesho yake tukarudi, tena wengi zaidi. Mwishowe askari wenyewe wakawa hawajala, kwa kuwa hakuna aliyewaokea, na mwenye njaa hamlengi mwenye njaa mwenzake sawasawa. Wakashusha bunduki. Mfalme akatokea mlango wa nyuma ndani ya gari la dobi, amelala chini ya mashuka machafu. Hivyo ndivyo tunavyosimuliana, na hata kama si kweli hakuna anayetaka kusikia vingine.

Lo, dada, ungekuwepo! Mahasimu walikumbatiana barabarani. Mwenye nyumba wangu, ambaye mpangaji akimsalimia huangalia juu kama anayekagua mawingu, alibebwa mabegani akipiga vigelegele. Shemeji aliwasha tanuri akaoka mpaka unga ukaisha, akagawa bure, akalia mbele za watu bila aibu. Alisema mtoto wake atazaliwa pasipo mfalme. Nikamwambia basi atalia kwa uhuru zaidi, na nasikia ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana balaa limepitia humo.

Unakumbuka sheria ya picha. Kila nyumba na kila duka, mfalme ukutani, kioo safi, na yule karani wa mizani ya sokoni, tuliyemwita Mizani, akipita mlango kwa mlango kupitisha kidole juu ya kioo kutafuta vumbi. Mfalme alipokimbia, baadhi ya watu walipeleka picha zao uwanja wa soko, wakazichoma. Kabla moto haujapoa ikatoka amri ya Kamati ya Mapinduzi: kila nyumba na kila duka sharti viwe na picha ya mkuu wao, aitwaye Kiongozi, upesi, na atakayechelewa ataulizwa anamsubiri nani. Na aliyekabidhiwa kukagua mtaani kwetu, tena sasa akiitwa Mwenyekiti, alikuwa nani? Mizani. Kidole kile kile. Siku ile tulicheka mpaka tukashika mbavu, na nadhani ndiyo mara ya mwisho mtaa huu ulicheka kwa sauti.

Basi waliokuwa hawajachoma, na ndio wengi, wakajaa dukani na fremu zao, mfalme angali ndani, wakitaka nimtoe yeye nimtie Kiongozi. Fundi wa fremu mtaani ni mimi peke yangu. Nilifanya kazi mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu. Namna nilivyoifanya nitakueleza, lakini nivumilie kidogo, bado nakusanya ushujaa.

Haukupita muda mrefu foleni ya mkate ikarudi. Safari hii unga ulikuwa unakwenda kwanza kwa walinzi wa Kamati. Shemeji hakuweza kunyamaza. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akauliza, kwa adabu kabisa, ikiwa mdomo wa kambi umefungwa, mdomo huu mpya umefunguliwa na nani. Watu wakaangalia viatu vyao. Mizani akatabasamu, akamshukuru kwa swali zuri. Niliporudi naye nyumbani nilimwambia mtu akikushukuru kwa swali bila kulijibu, ujihadhari naye. Akaniambia hakuzima tanuri ili aje aogope karani wa soko.

Kabla ya wiki kwisha wakaja kupekua nyumba yenu, wakisema ameficha unga. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kurekebisha bawaba ya kabati lako. Wakachana magodoro, wakamwaga chumvi sakafuni, wakapiga kuta kwa vitako vya bunduki wakisikiliza kama ziko wazi ndani. Hakuna unga. Lakini kule kupiga kuta kulishtua msumari, picha ya Kiongozi ikaanguka, kioo kikavunjika, na karatasi ya kaki iliyofunika mgongo ikachanika. Nyuma ya Kiongozi akatokeza mfalme, na masharubu yake na nishani zake, anatuangalia kutoka chini.

Mlinzi mmoja akaiokota kwa ncha za vidole. Wakamwuliza shemeji ni nani aliyeifunga picha ile. Dada, mimi nilikuwa nimesimama pale pale, bisibisi mkononi. Shemeji alinitazama mara moja, akageuza macho, akasema ameifunga mwenyewe. Mtu asiyeweza kukata kipande cha ubao kikanyooka! Wakamfunga mikono. Wakatangaza mtaani kwamba shujaa wa mkate alikuwa akimtunza mfalme kifuani mwa Kiongozi, anangoja arudi. Waliokuwa wakila mikate yake ya bure walikuja kumtazama akipita. Hakuna aliyemzomea, lakini hakuna aliyempungia mkono.

Najua umeshaelewa. Wewe umelelewa humu humu, kwenye vumbi la mbao na harufu ya gundi, huhitaji kuchorewa ramani. Lakini lazima niseme kwa mdomo wangu, maana mficha uchi hazai.

Ni mimi, dada. Mfalme yule nilimweka mimi.

Unakumbuka marehemu baba alivyokuwa akisema, picha mpya haiegemei hewa. Mfalme mzee alipofariki na mwanawe kukalia kiti, baba hakumtoa mzee kwenye fremu. Alimwacha mahali pake, akamweka kijana mbele, akafunika mgongo kwa kaki, akasema acha baba amshike mwanawe mgongo. Kadibodi ya wafalme ilikuwa nene, haipindi wala hailiwi na unyevu. Huo ndio mkono tulioachiwa. Sasa picha za Kiongozi zimechapwa kwenye karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu. Ukiifunga peke yake, mvua moja tu Kiongozi amekunja uso. Kadibodi hakuna, kiwanda kimefungwa tangu mgomo. Watu wamepanga foleni, kila mmoja anamwogopa mkaguzi. Mikono ikafanya ilichozoea: mfalme nikamgeuza uso nyuma asionekane kupitia karatasi, nikamweka Kiongozi mbele yake. Nikawaambia wote kwamba mfalme nimemchoma, na nyuma ya duka nikawa nachoma vumbi la mbao ili moshi uonekane. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nikicheka peke yangu kama mwehu.

Shemeji siku ya kuchukua yake aliniuliza kama kweli nimemchoma, nikamwambia majivu yako nje, akayakanyage. Akaenda akayakanyaga. Hakujua chochote mpaka siku ile kioo kilipovunjika.

Na si yake peke yake. Ni fremu zote zilizopita mkononi mwangu. Fundi viatu, muuza maziwa, mwenye nyumba wangu, walinzi wa Kamati wenyewe, zote.

Wamemweka kwenye bohari la unga la kasri. Waliniruhusu kumwona kwa sababu nilisema naenda kupima dirisha la mlinzi lililovunjika, na kioo nilikibeba kweli. Amekonda, lakini mbavu hawajamvunja. Kuta bado zina unga, na nywele zake zimekuwa nyeupe, akanitania kwamba angalau amerudi kazini. Nilipoanza kulia alinishika sikio, kama wewe ulivyokuwa ukinishika. Akaniambia nifunge mdomo. Akasema wakijua ni mimi, watafungua kila fremu niliyowahi kufunga, na mtaa mzima utaletwa humo bohari, na nani atakayekutunza wewe na mtoto. Akanituma nikwambie umpe mtoto jina unalolipenda. Alisema usimngoje.

Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Siku ya kwanza nilijiambia natii neno la mkubwa. Siku zilizofuata nilijua ni woga, dada, woga mtupu. Kesi huendeshwa na Mizani hadharani, uwanja wa soko, na waliohukumiwa hupelekwa nyuma ya kambi, na sijasikia aliyerudi kutoka nyuma ya kambi. Nilikuwa nikikata kioo ovyo mpaka nikaharibu vioo vizuri. Wiki iliyopita nikaona siwezi tena kumeza chakula wakati yeye anakula ukungu kwa ajili yangu. Nikavaa shati safi, nikaenda kwa Mizani.

Ofisi yake ndiyo ile iliyokuwa ya ushuru wa soko. Alinikaribisha kiti, akaniagizia chai. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, habari ya kadibodi, habari ya baba, moshi wa vumbi la mbao. Nikamwambia mwokaji hana hatia, mwenye kosa ni mimi na ujinga wangu. Mwanzoni alicheka, alicheka kweli, mpaka akafuta machozi. Nikadhani tumepona. Halafu akaniuliza ni fremu ngapi. Nikamwambia ni zote. Akarudia neno hilo polepole. Kisha akageuka kwenye kiti chake akatazama juu, kwenye Kiongozi mkubwa anayening'inia nyuma yake, kazi ya mkono wangu.

Aliishusha mwenyewe. Akafunga mlango kwa ufunguo. Akapasua kaki kwa kisu cha bahasha, na mfalme akawa hapo, mkubwa, mzuri, hana hata alama. Mizani akaniamuru nimtoe nimchome ndani ya ndoo ya taka, mbele ya macho yake, nikamchoma. Akanipa jalada gumu la mafaili nikalikata, nikalitia mahali pa mfalme, nikafunga upya. Akaitundika ukutani, akarudi nyuma kuitazama, akapitisha kidole juu ya kioo. Akasema sasa yake ni safi.

Nikamwuliza kuhusu shemeji. Akasema kesi itaendelea. Watu wameshaambiwa mwokaji alimficha mfalme, na wakiambiwa leo kwamba lilikuwa suala la kadibodi, kesho watauliza ni mangapi mengine yalikuwa suala la kadibodi. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia ni mimi na mfungwa tu. Akasema basi tuko watatu, na siku si nyingi huenda tukapungua. Alisema hivyo akinifungulia mlango, kwa upole, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Ndipo nilipoanza kuona nilichokifanya. Kesho yake walinzi waliingia kwa fundi viatu, ambaye ndiye aliyewahi kuuliza uchaguzi utakuwa lini. Hawakupekua kitu kingine. Walisalimia, wakaenda moja kwa moja ukutani, wakaishusha picha, wakapasua kaki. Kisha muuza maziwa, ambaye aligombana na nduguye Mizani juu ya kichochoro. Wenye kumsifu Mizani fremu zao hazijaguswa. Nilikwenda kumwokoa mtu mmoja, nikatoka nimempa yule mtu ufunguo wa kila nyumba. Mtaa unajiuliza ni mchawi gani anayewaonyesha. Mke wa fundi viatu alikuja kulia dukani kwangu, akilaani aliyewaingizia mfalme nyumbani, nami nikampa maji ya kunywa.

Na juzi, dada, mkokoteni ulisimama mlangoni. Mizani ameniletea rundo la picha za mfalme, mpya kabisa, kutoka stoo ya kasri, zimefungwa kwa kamba. Ujumbe wake ulikuwa mfupi. Alisema kadibodi imepatikana, niendelee kufunga kama nilivyozoea.

Nimeziangalia picha zile siku nzima. Kuna watu watakaooa mwaka huu, watapanga chumba, watakuja kwangu na fremu mpya na furaha yao. Mizani anataka kila mmoja aondoke hapa na kitanzi chake mkononi, tena amebeba mwenyewe na kunishukuru. Kuna mtu anasimama upande wa pili wa barabara tangu siku ile, anajifanya anangoja mwenzake. Nilifikiri nipite nyumba kwa nyumba niwanong'oneze watu. Nilijaribu kwa mwenye nyumba wangu. Sikumaliza sentensi, akaziba masikio, akanifungia mlango, na tangu hapo hata mawingu haangalii, anajifungia ndani tu. Anayeogopa peke yake hasikii.

Kwa hiyo nimekata shauri, na usiniandikie kunikataza kwa sababu barua yako itanikuta yameshakwisha. Kesho uwanjani, baada ya kusoma mashitaka, Mizani huuliza kama yupo mwenye neno la kumtetea mshitakiwa. Huuliza kwa madaha, maana anajua hakuna atakayefungua kinywa. Kesho mimi ninalo neno. Nitakuwa na fremu ya dukani kwangu kwapani, na kisu cha kaki mfukoni. Nitaipasua mbele ya watu wote, waone. Nitawaambia ni mimi, na ni kwa nini, na ni nyumba zipi, yaani zote, za raia na za walinzi waliosimama pale na bunduki. Nitawaambia kila mtu aende kwake akaangalie. Mkuu wa walinzi nilimfungia mbili, ya sebuleni na ya chumbani kwa mama mkwe wake, nitamtaja hadharani. Mmoja akiwa na mfalme ukutani ni msaliti. Tukiwa naye sote, sijui watatuita nani, wala nyuma ya kambi hapatutoshi.

Labda watacheka. Naomba wacheke, dada, wakicheka tumepona. Labda watanipiga mawe, maana nimewadanganya na ndugu zao wameshakwenda kwa ajili yangu, na hapo nitakuwa sina la kujibu. Hata hivyo shemeji hatakuwa tena mwongo aliyemficha mfalme. Atakuwa mwokaji aliyemfichia siri shemejiye mpumbavu, na wote watakuwa wamesikia. Naogopa sana. Nimeandika ukurasa huu mara mbili kwa sababu wa kwanza niliulowesha.

Sasa fanya haya, wala usingoje kumaliza kulia. Ile picha ya Kiongozi niliyompelekea mama kwa mkono wa dereva, ishushe. Utaona kaki nyuma, ipasue kwa wembe, mtoe huyo aliye ndani umchome jikoni mpaka awe majivu, uyamwage chooni. Badala yake weka kadibodi ya sanduku la sabuni, kata kwa rula usiniaibishe. Usimwambie mama kwa nini. Barua hii nayo ifuate humo humo motoni. Usirudi huku mpaka umwone shemeji mwenyewe kwa macho yako, si salamu, si barua yenye mwandiko wake, si mtu anayesema ametumwa naye.

Mkunga ameshafika, anakunywa maji mlangoni na kuniuliza mbona nimepauka. Nisalimie mama. Mbusu mikono, mwambie duka linakwenda vizuri. Wasalimie majirani wote mnaoamkiana nao. Mpwa wangu mshike sikio kidogo, lile la kulia, umwambie ni la mjomba.

Najua moyo wako, najua ukifika hapa utakuwa umeshaanza kunisamehe. Usinisamehe bado. Ngoja kwanza mumeo arudi.

Ni mimi mdogo wako,

Cherehani